Msomaji Naye Husomwa

Afunguaye gazeti kwenye intaneti naye husomwa: huandikwa habari aliyoisoma, saa na hata eneo alipo, na mara nyingi taarifa hizo huwafikia wafanyabiashara wa matangazo. Tarehe 25 Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, magazeti ya Los Angeles Times na Chicago Tribune yaliwafungia mlango wasomaji wa Ulaya. Ajabu, gazeti kumkimbia msomaji wake! Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2022; humpa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, na kuzuia zisitumike kumletea matangazo. Viongozi wa jumuiya, isomeni pamoja na vijana, ambao hubonyeza “Nakubali” bila kujua wamekubali nini.