Kariakoo si fremu tu

Tangu moto wa Julai 10, 2021 uliunguze Soko Kuu la Kariakoo, na Serikali itoe zaidi ya Shilingi bilioni 28 za kulikarabati na kujenga jipya palipokuwa Soko Dogo, maneno hayajaisha vijiweni. Mengine ni ya haki. Haya yafuatayo yamekaa vibaya.

"Lingebomolewa lote, ukapandishwa mnara."

Kariakoo imepungukiwa na kila kitu isipokuwa maghorofa. Soko hili lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Ingia ndani utazame juu. Nguzo za zege zinatanuka kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Maji ya mvua yanakingwa humo na kuteremshwa hadi kwenye matangi ya chini. Ubavuni pako wazi, joto halitulii. Mchicha hauhitaji kiyoyozi, unahitaji hewa, na Amuli alilijua hilo kabla watu hawajaanza kulihubiri kwenye semina. Wapo wanaojibu kwamba hata yeye alijenga baada ya jengo la enzi za Wajerumani kuondolewa. Sawa kabisa. Ila waliobomoa wakati ule walitaka soko kubwa zaidi. Wa leo wanataka fremu.

"Fedha ni za Serikali, basi kizimba achukue mwenye dau kubwa."

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Hazina inatoa fedha, Jiji linabeba taka na usafi wa mitaa, na Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, linaendesha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetumwa kuwa dalali. Kizimba kikinadiwa, atakayeshinda mara nyingi si muuza nyanya. Ni mtu ambaye hataonekana sokoni hata siku moja: atakipangisha kwa muuza nyanya yuleyule kwa bei ya juu, na nyongeza hiyo ataibeba mama ntilie anayenunua fungu. Ndiyo maana mwaka 2024, orodha ya watakaorejea ilipotoka, waliokosa majina yao waliingia barabarani. Kuwaita wakorofi ni uvivu wa kufikiri. Mtu aliyeunguliwa na mali ana haki ya kuuliza nani amepewa meza yake.

"Machinga ndio wameliua soko."

Machinga anafuata wateja. Njia ya kuingilia sokoni ikiachwa wazi na ushuru ukilipika, wengi wao wataingia wenyewe.

"Siku hizi watu wananunua kwa simu, soko la nini?"

Viatu na simu zenyewe, ndiyo. Lakini anayetafuta mbegu za bamia, bizari ya kupima, dagaa wa kuonja na kapu la kubebea vyote hivyo hatafungua programu nne. Atataka kushika, kunusa na kupunguziwa. Mkulima wa Mkuranga naye anahitaji mtu wa kumuuliza mbegu ipi inavumilia mchanga wake.

Wanaotaka kusaidia wadai jambo moja: orodha ya wenye vizimba ibandikwe ukutani, namba ya kizimba, jina la anayeuza hapo na kodi anayolipa, kila mpita njia aisome.