Plagi Mbili, Umeme Mmoja

Zabuni za vyumba vya seva siku hizi hazikosi sharti hili: mitambo yote ipate umeme kwa njia mbili. Mkandarasi hutia tiki, mhasibu hulipa, na siku umeme unapoyumba seva zote huzimika kwa mpigo kana kwamba njia ya pili haikuwahi kuwapo. Madai yanayotufikisha hapo ni yale yale, na wanaoyatoa si wajinga: ni mafundi wenye vyeti, wauzaji wenye uzoefu, mameneja wa TEHAMA. Msimamo wangu ni kwamba njia mbili huhesabiwa mbili pale tu ambapo kila moja inaweza kubeba mzigo wote peke yake, na hazikutani popote kati ya seva na chanzo cha umeme.

Dai linaloongoza ni hili: «Seva ina pawasaplai mbili, kwa hiyo iko salama.» Pawasaplai mbili zinakukinga na jambo moja tu, kuungua kwa pawasaplai. Ufuate waya. Mara nyingi utakuta nyaya zote mbili zimechomekwa kwenye PDU moja, yaani ule mwimo wa soketi ulio nyuma ya raki, kwa sababu fundi aliona soketi za karibu zikamtosha. Au PDU ni mbili kweli, ila zote zimechomekwa kwenye UPS moja, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika, nayo UPS inalishwa na breka moja. Hapo una plagi mbili na umeme mmoja. Njia A inatakiwa iwe na PDU yake, breka yake na UPS yake, na njia B vivyo hivyo, kurudi nyuma kadiri bajeti inavyoruhusu. Rangi husaidia sana: nyaya nyekundu upande mmoja, buluu upande wa pili, na kosa linaonekana hata na mtu aliyesimama mlangoni.

Anayedhani hayo ni makosa ya kampuni ndogo aikumbuke Delta, shirika la ndege la Marekani. Agosti 2016 kifaa cha umeme kiliharibika katika kituo chake cha data mjini Atlanta. Umeme wa akiba ulikuwapo. Shirika lenyewe lilieleza baadaye kwamba vifaa takriban 300, kati ya 7,000 hivi, havikuwa vimeunganishwa ipasavyo na huo umeme wa akiba. Ni kama asilimia 4 tu, lakini mifumo hutegemeana, na hivyo vichache vikawaangusha wenzao. Safari zaidi ya 2,000 zilifutwa kwa siku tatu, na hasara ikakadiriwa kuwa dola milioni 150.

Dai la pili ndilo linaloniudhi zaidi, maana huletwa likiwa na namba: «Kila PDU imebeba asilimia 80 tu, bado kuna nafasi.» Tupige hesabu. PDU ya ampea 16 kwa volti 230 hubeba wati 3,680. Tuseme A inasoma ampea 13 na B inasoma 13. Zote ziko chini ya kikomo, taa ni za kijani, ripoti ya mwezi inapendeza. Sasa A ikatike. Seva hazipunguzi ulaji wake kwa kuwahurumia mabwana zake. Kila moja inahamishia mzigo wote kwenye pawasaplai iliyobaki, na B inajikuta na ampea 26 juu ya breka ya 16. Ni wapagazi wawili waliobeba jiwe moja, mmoja akaachia. Tena breka hairuki papo hapo. Mzigo uliozidi kiasi hicho inaweza kuuvumilia kwa dakika kadhaa, watu wakapongezana kwamba mfumo umefanya kazi, ndipo inaruka na raki nzima inanyamaza.

Kwa hiyo usomaji wa PDU moja peke yake hauna maana. Jumlisha A na B. Jumla hiyo ndiyo isiyotakiwa kuzidi uwezo wa upande mmoja. Ukitaka kubakiza nafasi ya asilimia 20 kwenye breka, kama inavyofaa kwa mzigo usiopumzika, basi kila upande katika siku ya kawaida usivuke asilimia 40. Kwa PDU ya ampea 16 hiyo ni ampea 6.4. Kuna seva pia ambazo huwekwa zitumie pawasaplai moja na kuilaza nyingine, hivyo usishangae A ikisoma nyingi na B kidogo. Kitakachokuokoa ni jumla.

Ugumu ni kwamba mkurugenzi wa fedha akiona PDU imetumika chini ya nusu anaona fedha zimelala, na mwezi unaofuata seva mpya zinachomekwa kwenye «nafasi» hiyo. Nafasi hiyo ina mwenyewe. Ongeza na volti inayoshuka: pawasaplai ya seva huvuta wati zile zile, kwa hiyo volti ikitoka 240 ikafika 200, ampea hupanda kwa asilimia 20. Anayeishi mwisho wa laini ya umeme anajua kwamba 200 si hadithi.

«Tuna UPS kubwa, inatosha.» UPS nayo ni kifaa, na vifaa hufa. Betri za risasi zilizofungwa hutengenezwa kwa makadirio ya nyuzi 25 za joto. Kwa kila nyuzi 10 zinazozidi, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Kwenye chumba cha nyuzi 35 mjini Mombasa au Dar es Salaam, betri ya miaka mitano ihesabu kuwa ya miwili na nusu. Kama bajeti yako ni ya UPS moja tu, ushauri wangu utawakera baadhi ya mafundi: chomeka njia A kwenye UPS, na njia B moja kwa moja kwenye umeme wa gridi kupitia kifaa cha kudhibiti volti. Wanauona ni uchafu. Mimi nauona ni mpangilio wa busara kuliko kupitisha pande zote mbili kwenye sanduku moja, ili mradi UPS hiyo ina uwezo wa mzigo wote.

«Jenereta itawaka.» Hata ikiwaka, huchukua sekunde kadhaa kabla ya kutulia, ilhali vifaa vya kompyuta hutarajiwa kuvumilia kukosa umeme kwa milisekunde 20 tu. Na je, itawaka? Umeme ulipokatika karibu Kenya nzima usiku wa 25 Agosti 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao uliingia gizani kwa sababu jenereta ilikataa kuwaka, na Kipchumba Murkomen, waziri wa uchukuzi wakati huo, akaomba radhi hadharani.

Kuhusu swichi na ruta zenye plagi moja, husemwa kwamba swichi ya kuhamisha umeme, ATS, inamaliza tatizo. Inapunguza. ATS ya raki huhama kati ya A na B ndani ya milisekunde 8 hadi 16, na kifaa hakihisi. Lakini yenyewe ni moja. Ikifa, imekufa na vyote vilivyo nyuma yake. Kama una kuta za moto (firewall) mbili zinazosaidiana, weka mmoja A na mwingine B, bila ATS yoyote. Swichi kuu inunuliwe ikiwa na pawasaplai mbili.

Limebaki dai linalopendwa na wote: «Kinachofanya kazi usikiguse.» Wenye kulisema huitaja British Airways, Mei 2017, ambapo abiria wapatao 75,000 walikwama baada ya mtu kukata umeme katika kituo cha data karibu na Heathrow. Ni kweli. Ila Willie Walsh, mkuu wa kampuni mama wakati huo, alisema uharibifu mkubwa ulitokea umeme uliporudishwa bila utaratibu. Funzo ninalolipata hapo ni kwamba kuurudisha umeme nako kunahitaji mazoezi, na mazoezi hayafanyiki kwenye karatasi. Fanya usiku wa mzigo mdogo, kagua kwanza kwamba kila pawasaplai ina taa ya kijani, andika nani anawasha nini na kwa mpangilio gani.

Basi wewe unayetia saini hati ya makabidhiano, kabla ya kuishika kalamu mwambie mkandarasi azime breka ya njia A seva zikiwa na mzigo wa kweli, aiache hivyo saa nzima, airudishe, kisha afanye vivyo hivyo kwa B. Akikataa, usilipe.