Chuo Kikuu Chamfaa Nini Mkulima?

Wengi huuliza swali hili, wala si swali la ujinga. Mzazi auzapo ng'ombe wawili ili kumlipia mwanawe karo, ana haki ya kujua faida itakayomrudia, yeye na jirani zake wasio na mtoto chuoni, ambao kodi yao pia huingia humo.

Natuitazame mbegu ya mahindi. Wataalamu wa Kitale walitwaa mahindi waliyokuwa wameyachagua huko kwa miaka mingi, wakayachanganya na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya Amerika ya Kusini. Wakapata mbegu iitwayo H611, iliyotolewa mwaka 1964, ambayo mazao yake yaliyazidi sana yale ya zamani. Mwenye eka tatu aliipanda kama alivyoipanda mwenye shamba kubwa. Kazi hiyo yahitaji mtu ajuaye jinsi sifa za mmea zinavyorithiwa, na hesabu ya kupambanua kama tofauti ya vipande viwili vya shamba yatokana na mbegu au na udongo. Elimu ya namna hiyo haipatikani darasa la nane. Hali kadhalika kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ambayo hustahimili maradhi yaozeshayo tunda lingali bichi, na hivyo humpunguzia mkulima gharama ya dawa.

Lakini liko jambo ambalo wasifuo vyuo hulipita upesi. Mbegu haitoki Kitale kwa miguu yake. Hapana budi awepo mtu wa kumweleza mkulima kwamba mbegu ya haibridi hununuliwa upya kila msimu, maana akipanda punje za mavuno yake mwenyewe, nguvu hupungua. Kazi kama hiyo ndiyo iliyofundishwa Njoro, katika chuo cha Egerton, kilichoanzishwa mwaka 1939 kwa vijana wa Kizungu, kikaanza kutoa diploma mwaka 1950, na baadaye kikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1987 kilifanywa chuo kikuu. Nayo Kenya Polytechnic ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961, tangu 2013 ni Technical University of Kenya.

Sipingi vyuo kupandishwa cheo. Nauliza tu: mhandisi mmoja huhitaji mafundi kadhaa chini yake, hao watatoka wapi, iwapo kila chuo chatamani kutoa digrii? Wazazi nao (na sisi makarani tumo) twapenda mno kusema, "Mwanangu yuko chuo kikuu," hata pale ambapo diploma ya ufundi ingalimpatia kazi mapema zaidi.

Kwa hiyo yafaa mzazi, kabla ya kulipa, aulize kozi ile ina karakana au maabara gani, na waliohitimu mwaka uliopita wanafanya kazi wapi. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na mkuu wa chuo yampasa awe na majibu.