Vijana wa Bagamoyo Wapewe Wapinzani

Ubishi juu ya ligi za vijana hauishi vibarazani. Ni mkoa gani wenye ligi kali kuliko mingine? Watu wa Dar es Salaam hudai ni wao, na ushahidi wao ni makombe. Watu wa Tanga hujibu kwamba Coastal Union ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Morogoro nao hawanyamazi, kwa kuwa Mtibwa Sugar ilifanya hivyo mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Wenzetu wa Pwani, na hasa wa Bagamoyo, husikiliza tu, maana tangu ligi kuu ilipoanza mwaka 1965 hakuna klabu ya mkoa wao iliyopata kuwa bingwa.

Sisi twaona kwamba ubishi huo hupima kitu kingine kabisa. Makombe ya wakubwa hayatuambii lolote juu ya mtoto wa miaka 14. Ruvu Shooting na JKT Ruvu zilicheza ligi kuu kwa miaka mingi zikiwa Pwani, hata uwanja wa Mabatini pale Mlandizi ukazoeleka vinywani mwa watangazaji wa redio. Lakini hizo ni timu za majeshi, na jeshi hukusanya vijana wa nchi nzima. Mtu aliyesoma matokeo yao gazetini hakuweza kujua kama mtoto wa Kaole au wa Zinga amepata mwenzake wa kushindana naye.

Ligi kali ni ile ambayo timu ya mkiani yaweza kuifunga ile ya juu, wala hapana ajuaye matokeo kabla ya filimbi ya mwisho. Timu ifungayo mabao manane kwa bila haikujifunza kitu siku ile, na iliyofungwa imejifunza kukata tamaa. Tena ligi hupimwa kwa wingi wa michezo. Mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, yametutolea wachezaji wengi na hatuyabezi. Lakini hayo ni mashindano ya mchujo: timu huchaguliwa katika kata, ikachujwa wilayani, ikachujwa tena mkoani, na kila hatua huwaacha nyuma watoto wengi kuliko inaowachukua. Aliyeachwa hurudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Mpira haujifunzwi kwa kungoja.

Tukipima kwa vipimo hivyo, Dar es Salaam iko mbele, na sababu yake si siri. Mtoto wa Mbagala, alikotoka Mbwana Samatta, ana timu nyingi za kucheza nazo kwa umbali wa kutembea kwa miguu. Ng'ambo ya bahari, Unguja nako, vijana hupangwa tangu zamani kwa madaraja ya Juvenile, Junior na Central, na mitaa ya Mjini imekaribiana hata mgeni anayekuja kucheza hahitaji nauli. Katika Kombe la Taifa na katika mashindano ya vijana ya Copa Coca-Cola, jiji la Dar es Salaam lilihesabiwa kuwa mikoa mitatu ya mpira: Ilala, Kinondoni na Temeke. Pwani ilikuwa mmoja. Kwa hesabu ya vichwa hapana aliyedhulumiwa, maana sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 Dar es Salaam na kama milioni 2 tu Pwani. Lakini ardhi ya Pwani ni kubwa kuliko ya jiji zaidi ya mara 20, na mtoto hasafiri juu ya sensa, husafiri juu ya ardhi.

Na tazameni ardhi yenyewe ilivyo. Mkoa wa Pwani umelizunguka jiji upande wa bara kama mkono uliokumbatia. Vijana wa Mafia wakitaka kucheza na wenzao wa Bagamoyo hupanda chombo Kilindoni, wakavuka mpaka Nyamisati, wakashika njia ya Kibiti na Mkuranga, kisha wakaingia Mbagala na kulipita jiji lote la Dar es Salaam kwenda kutokea Bunju. Njiani wamepita viwanja visivyo na idadi, vyenye watoto wa umri wao, ambao hawaruhusiwi kucheza nao katika ligi kwa kuwa ni wa mkoa mwingine! Safari kama hiyo haiwezi kufanywa kila Jumamosi, kwa hiyo hapana ligi ya mkoa ya kweli kwa vijana. Hukusanywa mahali pamoja siku chache, na mambo yakaisha.

Lakini kutoka Mapinga mpaka Bunju ni jirani na jirani. Shauri letu ni kwamba COREFA kwa upande wa Pwani na DRFA kwa upande wa jiji waketi meza moja waanzishe ligi ya ujirani kwa vijana wa chini ya miaka 15 na wa chini ya miaka 17: Bagamoyo wacheze na Kinondoni ya kaskazini, Kibaha na Ubungo, Mkuranga na Mbagala. Kila timu ibaki na usajili wake na chama chake.

Twajua litakalosemwa, kwamba klabu za mjini zitawanyakua watoto. Mbona huwanyakua hata sasa? Kijana mwenye kipaji huko Bagamoyo hufunga mkoba wake mapema akaenda kukaa kwa shangazi Manzese, maana amesikia kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini naye ataka kujaribu. Akipata mpinzani wa kweli kila juma katika uwanja wa Mwanakalenge, huenda akakaa nyumbani mpaka amalize shule. Msimu wa kwanza Bagamoyo itafungwa, tena sana. Na ifungwe.

Liko pia jambo la vijeba. Mwaka 2005 Tanzania ilinyang'anywa nafasi ya kwenda Gambia kwa mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 kwa sababu ya umri wa mchezaji. Mwaka 2018 Zanzibar ilitolewa katika mashindano ya CECAFA huko Burundi kwa kosa la namna hiyo hiyo. Siku hizi mifupa ya mkono hupigwa picha hospitalini, ni vema. Lakini mwalimu mwenye mchezo mmoja wa kufa na kupona kwa mwaka ndiye anayeshawishika kumchezesha mtu mwenye ndevu. Katika ligi ndefu ya majirani kijeba hafichiki, maana wapinzani wake walikaa naye darasani.

Aprili 2019 tulikuwa wenyeji wa Afrika nzima kwa umri huo. Serengeti Boys walifungwa na Nigeria 5 kwa 4, na Uganda 3 kwa bila, na Angola 4 kwa 2. Vijana walioweza kuifunga Nigeria mabao manne hawakukosa kipaji. Walichokosa ni miaka ya kushindana kila juma, na hiyo haipatikani kambini.

Hayo tunayoyataka hayahitaji uwanja mpya. Yaweza kuanza na timu nane: nne kutoka Tegeta mpaka Bunju, na nne kutoka Mapinga mpaka Bagamoyo mjini. Wazazi wafanyao kazi kiwandani Wazo watapita kutazama baada ya zamu, na basi moja laweza kuwapeleka vijana na kuwarudisha nyumbani kabla ya adhana ya magharibi.