Acheni Rimu, Nunueni Matairi

"Mzee wangu, IST bila rimu si gari. Ukishalitoa bandarini, kitu cha kwanza rimu, mengine utayajua mbele ya safari." Maneno haya nimeambiwa na kijana mmoja pale Sinza, tukisubiri magari yetu yaoshwe. Wenzake wakaitikia, na muosha magari naye akaunga mkono. Nikaliangalia gari la kijana yule. Rimu nyeusi za inchi 17, zimepigwa polishi mpaka unajiona. Juu ya rimu hizo yamevalishwa matairi ya mtumba ya chapa nne tofauti, na la nyuma kushoto limebaki kipara kabisa. Nimeshindwa kunyamaza, na ndiyo maana naandika.

Imani hii imeenea mji mzima. Mtu akijibana, akauza kiwanja au akavunja kikoba, akapata Toyota Vitz, Passo au IST yake ya kwendea kazini, pesa kidogo iliyobaki inakwenda kwenye mapambo. Mpangilio unajulikana: rimu, kisha springi zikatwe gari lishuke, kisha ekzosi ya kelele, taa nyeupe za kupofua watu, na sabufa linalojaza buti yote. Tairi litanunuliwa siku litakapopasuka. Breki zitaangaliwa siku zitakapoanza kulia chuma kwa chuma. Mimi nasema wazi kwamba mpangilio huu ni uzembe, na uzembe huu unazika watu.

Gari lako linagusa barabara sehemu nne tu, na kila sehemu inakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Hakuna zaidi ya hapo. Injini yako ya 1NZ yenye cc 1496, usukani, breki, hata ABS unayojivunia, vyote kazi yake inaishia kwenye viganja hivyo vinne vya mpira. Ukikanyaga pedali, breki inazuia gurudumu; kinacholizuia gari ni tairi. Na mwendo hauna huruma: ukitoka 40 kwa saa ukafika 80, nishati ya kuzuiwa haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, na umbali wa kusimama tangu breki zishike unarefuka karibu mara nne vilevile. Sasa leta mvua ya Aprili. Mifereji ya tairi imekwisha, maji yaliyo chini ya mpira hayana pa kutokea, tairi linapanda juu ya maji, na usukani unakuwa mwepesi mikononi kama haujaungwa na kitu. Wakati huo rimu itakufanyia nini?

Jirani yangu huku Kimara alinunua IST ya mwaka 2004. Ni mtu mtulivu, hakimbizi gari hata siku moja. Alinunua rimu kwanza, fundi akamvalisha matairi ya mtumba akimhakikishia kwamba "bado yana maisha". Masika yakaja. Anateremka kutoka Mbezi asubuhi, mkewe pembeni, daladala iliyo mbele ikasimama ghafla kushusha abiria. Alikanyaga breki, gari likaendelea kwenda. Bampa, rejeta, boneti na taa zote mbili vikaisha, na mkewe akavunjika mkono. Rimu zote nne zilitoka bila mchubuko. Bima aliyokuwa nayo ni ile ndogo, kwa hiyo gari lake mwenyewe alilitengeneza kwa mkopo. Bei ya rimu zile ingemnunulia matairi manne mapya ya saizi ya kiwandani, na breki pedi juu.

Mashabiki wa rimu wana hoja wanayoirudia kila kijiwe: eti rimu kubwa inashika barabara vizuri zaidi. Kama chuma ndicho kinachoshika lami, basi na wavue mpira wote, watembelee chuma kitupu kutoka Mwenge mpaka Posta tuwaone. Kinachoshika ni mpira. Rimu kubwa unayoivalisha tairi la mtumba lenye ubavu mfupi imekupunguzia hata kile kidogo ulichokuwa nacho, kwa sababu kwenye mashimo yetu ubavu huo hauna nafasi ya kunywea. Ukiingia shimoni, rimu inapinda au tairi linatoa nundu, na tairi lenye nundu linasubiri siku tu. Isitoshe, rimu za bei rahisi aghalabu ni nzito kuliko zile zilizokuja na gari. Injini ndogo inazungusha mzigo huo kila taa ya barabarani ikiwaka kijani, halafu mwenyewe analalamika kwamba IST siku hizi inakunywa mafuta.

Kukata springi ndiyo balaa jingine. Fundi anachukua grinda, anaondoa koili moja au moja na nusu, gari linalala, vijana wanapiga picha. Shokapu ya gari lile ilitengenezwa kwa urefu wa springi ile. Ukiifupisha, kila tuta shokapu inagonga mwisho wake, inakufa, gari linaanza kudunda, na gurudumu linalodunda haliko barabarani. Tumerudi palepale kwenye tairi.

Na hizi taa! Kioo cha taa ya IST nyingi kimepangwa kwa balbu ya halojeni. Ukichomeka ndani yake balbu nyeupe kali ya mtaani, mwanga unatawanyika kila upande na kuwaingia machoni wanaokuja mbele yako. Mimi ninayevaa miwani, usiku Barabara ya Bagamoyo naendesha kwa kukisia ukingo wa lami. Taa yako ina mwanga hafifu kwa sababu plastiki yake imekuwa ya njano. Isuguliwe kwa msasa laini na kupigwa polishi, itaonesha njia. Ekzosi za kelele nazo haziongezi nguvu yoyote ya maana kwenye injini ndogo hizi, zinaamsha wagonjwa na watoto wachanga saa nane za usiku, basi.

Mwenye bajeti ndogo afungue mlango wa dereva, asome kibandiko kwenye nguzo: kuna saizi ya tairi na kiasi cha upepo. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea. Akienda dukani asome ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. 3516 maana yake limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016, hata kama muuzaji analiita jipya. Pesa isipotosha manne, anunue mawili yanayofanana, yakae ekseli moja, kisha apige alaimenti. Zikifuata pedi za mbele, viatu vya ngoma za nyuma na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na yanafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, gari litakuwa limebadilika kuliko pambo lolote. Shokapu na bushi baada ya hapo.

Ukimaliza yote hayo na pesa bado ipo, nunua rimu zako, tena za saizi iliyokuja na gari. Kwa IST kama ile ya jirani yangu, ziwe na matundu manne ya 4x100, tundu la katikati likae sawasawa kwenye habu ya milimita 54.1 au livalishwe pete, na ununue nati za koni, maana zile za bapa za rimu za aloi za Toyota hazikai kwenye tundu la koni. Fundi akikwambia nati zote ni zilezile, chukua ufunguo wako, toa gari lako hapo gereji.