Mwanzi wa Kwanza
Mzazi wa mji wa Baraka anayetaka kumpa mtoto ndoana yake ya kwanza asihangaike na fimbo za dukani. Mwanzi mwembamba, mkavu, unaozidi kidogo kimo cha mtoto, unatosha. Bonyeza ncha kwa kidole: ikipinda na kurudi yenyewe, huo ndio. Mzito utamchosha mkono kabla samaki hajagusa chambo. Mshipi usiuzidi mwanzi kwa urefu, na ndoana iwe ndogo, maana ufukweni mwa Ghuba ya Burton ya Ziwa Tanganyika, mkabala na rasi ya Ubwari, mtoto atavua samaki wadogo wa kandokando, si sangala. Ila nakusihi, usimpe kipande cha chandarua. Hicho huzoa hata vifaranga vya ndagala. Kwa ndoana atamngoja samaki mmoja, amtazame magamba, na akiwa mchanga mno, amrudishe majini.