Binti wa hesabu atafanya kazi gani?



Juma hili tunaongea na mama mwenye binti anayesoma hesabu, fizikia ao informatiki hapa UNIKIS. Majirani wanamuuliza: huyo ataajiriwa wapi? Na ataolewa lini? Swali la pili tumwachie binti mwenyewe. La kwanza lina jibu: kuna kazi ya utafiti.

Wengi wetu tunafikiri doktora ni kuongeza miaka ya minerval. Lakini Uholanzi na Ujerumani, kwa mfano, anayefanya doktora mara nyingi ni mfanyakazi wa chuo. Anatia sahihi mkataba na kulipwa mshahara kila mwezi. Nafasi hizo zinatangazwa kama kazi nyingine yoyote, na mojawapo ya fani zinazotafuta watu ni kwantumu.

Kwantumu ni nini? Kompyuta tunayoijua inahesabu kwa alama mbili, sifuri na moja. Ile ya kwantumu inatumia tabia za vitu vidogo sana, kama atomu, ambamo hali hizo mbili zinaweza kuchanganyika kwa wakati mmoja. Bado inakosea mara nyingi, ndiyo maana inahitaji watafiti. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton, Marekani, walionyesha kwamba saketi zake zikitengenezwa kwa tantali zinashika hali yake muda mrefu zaidi. Tantali inatoka katika koltani, na koltani inatoka wapi, tunajua. Udongo wetu umeshaingia maabara bila kuulizwa diploma!

Njia ya karibu zaidi ni AIMS, taasisi ya Afrika ya hesabu iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003. Anayekubaliwa kwa masters anasaidiwa masomo, malazi na chakula. Kituo cha Kigali ndicho jirani, lakini kwa vita hii safari ya huko si nyepesi. Senegali na Kameruni kuna vituo pia, na huko Kifaransa kinasaidia. Kwa doktora, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao Trieste, Italia, limekuwa likiwasaidia wanawake wa nchi kama yetu kusoma katika nchi nyingine za Kusini.

Kizuizi kikubwa ni Kiingereza. Matangazo mengi yanaandikwa kwa lugha hiyo, na mahojiano pia. Binti akianza kujifunza baada ya kumaliza chuo amechelewa. Aanze mwaka wa kwanza.

Halafu wezi. Vyuo vingine vinadai malipo ya kupokea ombi la masomo, na yanalipwa kwa chuo chenyewe. Kazi haiuzwi. Anayekupigia simu akitaka dola mia ili "mkubwa" atie sahihi mkataba, kata simu.

Mama ambaye hajasoma hesabu bado ana la kufanya. Anunue mega za intaneti siku za kutuma ombi, na jioni hiyo binti asitumwe sokoni. Karatasi za pointi zisikae chini ya paa linalovuja. Na likelemba zetu, ambazo zinanunua vitenge na sufuria, ziweke zamu moja kwa paspoti. Iombwe mapema, kabla jibu la chuo halijafika, kwa sababu chuo hakitamngojea.